Masikio Yangu na Albamu Tatu za Nanjala

Wiki hii wamenipigia simu vijana wawili, mmoja wa Umoja na mwingine wa Kayole, kuniuliza nilitumia maikrofoni gani kurekodi albamu ya tatu ya Nanjala. Wiki iliyopita walikuwa watatu. Mimi nimestaafu. Ninafuga kuku huku Njiru, pembezoni mwa Nairobi, na kila ninapoinama kuwawekea maji, mke wangu hutoka jikoni kuja kuniambia kwamba simu iliyo mfukoni mwangu inalia. Kwa hiyo nimeona niandike mambo yote mara moja, ninyi mafundi wachanga msome, kisha mniache na kuku wangu.

Nilikuwa fundi wa kurekodi sauti kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Shauri Moyo, baadaye Kariobangi. Nililipwa kiasi gani sitasema. Si siri, ni kwamba habari yenyewe ni fupi mno.

Aliyenifundisha ni marehemu Mwalimu Shadrack, mwalimu wa kwaya aliyestaafu na kugeuza chumba cha kulala cha nyumba yake ya kaunsili kuwa studio. Siku ya kwanza nilifika nimevaa tai, nikitarajia kuonyeshwa mtambo. Alinionyesha sufuria ya chai. Akaniambia kazi yetu ni kwaya, na kwaya isiyokunywa chai hushuka nusu sauti kabla ya kufika ubeti wa tatu. Nilichemsha chai miezi minne kabla ya kuruhusiwa kugusa waya. Leo kijana anapakua programu asubuhi na jioni anaitwa prodyuza, na chai hajui hata kuipika.

Ukuta wa studio ulikuwa umefunikwa kwa trei za mayai. Nyote mmeziona trei hizo, kwani hakuna studio ya Eastlands iliyokosa. Hazizuii sauti yoyote, hata ya mbu. Lakini mteja akiingia asizione huanza kutazama mlango, kwa hiyo tulizibandika na kuzipaka rangi. Kilichozuia sauti ni magodoro mawili ya marehemu mama yake Mwalimu, na hayo tuliyaficha nyuma ya pazia kwa sababu yalikuwa na aibu yake.

Sasa niwaeleze desturi ya kusikiliza, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa nilichomfanyia Nanjala. Kwaya ikimaliza kurekodi haiendi nyumbani. Inaketi kwenye mabenchi, inapewa chai na mandazi, kisha fundi anaicheza kazi yote kuanzia mwanzo. Kila mwimbaji ana haki ya kujisikia. Asiyejisikia anainua mkono, na fundi anaipandisha maikrofoni anayoimbia na jirani yake. Mama wa kwanza anapandishwa, akitabasamu wa pili anagundua kwamba amefunikwa, naye anainua mkono. Ukifika wa kumi na moja, vitufe vyote vimefika juu kabisa na hakuna aliyesogea hatua moja kutoka alipokuwa. Nimeshuhudia kikao kimoja kikimaliza mandazi ya siku tatu.

Mwalimu alipochoka alivumbua dawa. Mtambo wetu ulikuwa na vitufe vinane vya kusukuma juu na chini, na cha nane hakikuunganishwa na kitu chochote. Mama akilalamika, Mwalimu alikisukuma hicho polepole, uso wake umekunjamana kwa kazi nzito, kisha akauliza, "Sasa je?" Na mama alijibu, "Hapo sasa." Alikiita kitufe cha amani. Aliniambia, "Habil, mtu akishaona mkono wako umesogea, masikio yake yatamaliza kazi yenyewe." Nilicheka sana siku hiyo. Nilikuwa kijana, na niliona huo ndio ufundi.

Mwalimu alipofariki nilinunua mtambo wake na yale magodoro kwa familia, nikahamia Kariobangi kwenye chumba cha juu. Chini yangu walikuwa watu wanaogonga bati kutengeneza sufuria. Nilipanga chumba hicho siku ya Jumapili, ndiyo maana sikulijua hilo. Jumatatu asubuhi niliamka nikiwa na mkataba wa mwaka mzima na nyundo sita chini ya miguu. Tuliafikiana nao: nikitundika shuka nyekundu dirishani, wanaenda kunywa chai, na mimi nina nusu saa. Nyimbo nyingi za injili za miaka ile hazizidi dakika sita kwa sababu hiyo, wala si kwa uongozi wa Roho.

Nanjala alikuja huko. Nilimjua tangu akiwa mtoto, kwa kuwa mama yake alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama ambacho nilishakirekodi mara tatu. Familia yao ilitoka Bungoma, baba alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na binti alikuwa akiuza vitabu vya shule katika duka moja karibu na soko. Aliingia peke yake na daftari mkononi.

"Shikamoo, Anko. Nataka kurekodi albamu."

"Ya kikundi gani?"

"Yangu."

Nilidhani hajanielewa. Nikamuuliza tena kikundi chake kinaitwaje. Akasema kinaitwa Nanjala.

Alikuwa tayari amemkataa promota mmoja aliyetaka kumbadilisha jina na kumvisha miwani ya jua ndani ya nyumba. Alisema nyimbo anaandika mwenyewe, jina atatumia alilopewa na nyanya yake, na mtu akitaka kuzisikiliza atazisikiliza hivyo hivyo. Miongoni mwetu mafundi tuna neno kwa wasanii wa namna hiyo, na siwezi kuliandika mbele ya mke wangu. Lakini alipoimba niliacha kukunja nyaya. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, yenye mchanga, sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi na hajasema na mtu. Mwishoni mwa mstari ilipasuka kidogo, naye hakujaribu kuificha. Aliimba kuhusu jirani aliyerudisha sahani tupu. Aliimba kuhusu mashangazi wanaokuuliza utaolewa lini wakati maiti haijateremshwa kaburini. Wimbo huo wa mashangazi ulinifanya nicheke peke yangu nikiwa nafunga duka.

Mngesema basi mwanamke huyo apewe maikrofoni moja na gitaa, mambo yaishe. Ninyi mnasema hivyo leo. Wakati ule mama yake alisikia habari, akafurahi, na furaha ya Mama Nanjala ilikuwa ni jambo la kamati. Jumamosi walifika akina mama kumi na mmoja wamevaa sare, vitambaa vya kichwa vimekazwa, wamekuja kumsindikiza mtoto wao kwenye albamu. Hao ndio waliomfuta makamasi. Wawili walimlea miezi mitatu mama yake alipolazwa. Utawaambiaje warudi nyumbani?

Nilimtazama Nanjala. Yeye alitazama sakafu, halafu akasema, "Karibuni, mamangu wote."

Waliitikia kila wimbo. Wimbo wa sahani tupu uligeuka ukawa wa kutoa sadaka. Katika wimbo wa mashangazi, mashangazi wenyewe waliimba kiitikio cha kujisuta, kwa nguvu na kwa upako, bila kushuku lolote. Kisha tukaketi kusikiliza.

Wa kwanza kuinua mkono alikuwa Mama Zipporah, ambaye sauti yake ilipenya magodoro, ukuta na shuka nyekundu, wagonga sufuria wakawa wanamsifu. Aliniita kwa jina la mwanangu.

"Baba Tito, mimi naimba mpaka shingo inauma, na hapo sauti yangu siisikii."

Nikampandisha. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Ilipofika saa kumi nilikuwa nimewapandisha wote kumi na mmoja, kwa vitufe vya kweli, kwa sababu niliwaheshimu na pia kwa sababu Mama Zipporah alikuwa ameketi akiangalia mikono yangu. Chai ilikuwa imekwisha. Mwishoni mwa benchi Nanjala akainua mkono. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye albamu, na alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi.

"Anko, na mimi naona ni kama niko chini kidogo."

Alikuwa chini sana. Alikuwa chini ya akina mama wote, ungemsikia wanapovuta pumzi tu. Nilijua. Masikio yangu wakati ule yalikuwa yanasikia senti ikianguka kwenye zulia. Lakini nikimpandisha yeye, mikono kumi na moja itainuka upya, na tutalala pale. Na niseme ukweli wote: katika miaka yangu ya kazi sikuwa nimewahi kumtanguliza mtu mmoja mbele ya wenzake. Kwetu hilo lilikuwa kiburi, na kazi ya fundi ilikuwa kukishusha. Nikapeleka mkono kwenye kitufe cha amani, nikakisukuma polepole, nikakunja uso.

"Sasa je?"

Alinitazama. Akamtazama mama yake, aliyekuwa akimkunjulia tabasamu la fahari.

"Sasa iko sawa. Asante, Anko."

Albamu ikatoka. Iliuzwa kwenye sidii nje ya makanisa, akina mama wakiibeba kwenye vikapu, na ilikwenda vizuri kwa maana kila mmoja wao alikuwa na ndugu. Watu waliniuliza kwaya ile ni ya kanisa gani. Mwanamume mmoja wa Dandora aliipenda sana, akaniambia kuna binti mmoja katikati huwa anachelewa kidogo, wamwondoe.

Miezi kadhaa baadaye Nanjala alikuja kuchukua kanda zake. Alizipanga kwenye mkoba, akafunga zipu, akasema bila kukasirika, "Anko, kile kitufe cha mwisho hakina waya."

Nikamuuliza amelijulia wapi.

"Siku ile nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi, nyuma ya meza yako. Niliona kwa nyuma hakuna kitu imechomekwa."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya mathe? Na wale wote wamekuja na leso mpya?" Akaning'iniza mkoba begani. "Sina noma na wewe. Natafuta mahali pengine tu."

Akashuka ngazi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mteja. Nilichukua bisibisi nikakiondoa kitufe kile, pakabaki tundu, na wateja wakaanza kuniuliza kama mtambo umeharibika.

Albamu ya pili aliirekodi upande ule mwingine wa jiji, kwenye studio yenye makochi ya ngozi na mashine ya kahawa. Fundi wake aliitwa Profesa. Hakuwa amefundisha popote, ila alikuwa na miwani na subira ya kuharibu. Mimi sikuwepo, nasimulia nilivyoelezwa. Walimpa chumba peke yake, maikrofoni ya gharama, na maji ya chupa. Akaimba. Kisha Profesa akaichukua sauti ile kwenye kompyuta akainyoosha, neno kwa neno. Palipokuwa na mchanga akapasafisha. Palipopasuka akapaziba. Kwenye kila ubeti aliweka Nanjala sita, wote wamenyooka, wakiimba pamoja bila kuvuta pumzi hata mara moja. Mimi nilimzika chini ya akina mama kumi na mmoja. Profesa alimzika chini yake mwenyewe.

Redio ziliipenda. Ilipigwa kwenye vioski, kwa vinyozi, kwenye boda boda zenye spika. Siku moja Nanjala alikuwa amesimama kwa muuza sukuma wiki pale Kariobangi, wimbo wake ukilia kwenye redio ya mama yule, naye akajisahau akaufuatisha. Muuzaji akaacha kukata mboga.

"Unajaribu, dada," akamwambia. "Lakini huyo mwenyewe ana sauti nyororo."

Alinunua mboga zake akaenda. Nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Mama yake alichezewa albamu nzima kwenye simu, akaisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akauliza, "Na wewe unaingia saa ngapi?"

Wakati huohuo mimi nilikuwa na shida zangu. Ilianza na birika. Mke wangu alinunua birika la kupiga mbinja, nami nikamwambia ameuziwa bovu, halilii. Baadaye nikaanza kuona watu wa siku hizi hawatamki maneno vizuri. Nililaumu shule. Nililaumu Sheng, ambayo haijawahi kukosa lawama. Mke wangu alinipeleka kliniki ya masikio bila kuniambia tunakokwenda.

Binti wa kliniki aliniketisha kwenye kijumba cha kioo, akanivisha spika za masikioni aina ambayo mimi nilikuwa nimezivaa nusu ya maisha yangu, akanipa kitufe. Nikisikia mlio, nibonyeze. Basi mimi nilimtazama mkono. Kila kidole chake kilipogusa mashine, nilibonyeza. Nilifanya vizuri sana. Akashangaa, akatazama karatasi yake, akatazama umri wangu. Kisha akageuza kiti akanipa mgongo. Nilikaa kwenye kioo kile muda mrefu, nikisubiri, nikidhani ameacha kazi.

Alinieleza kwa upole. Sauti nene bado ninazo. Nyembamba zimekwenda, na hazirudi: pumzi, ndege, birika, herufi zote zinazotoka katikati ya meno. Akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi mahali penye kelele. Nikafikiria nyundo sita za sufuria. Nikafikiria Mama Zipporah. Nikasema kidogo tu.

Fundi wa sauti asiyesikia ni kinyozi kipofu. Sikumwambia mtu. Niliendelea kupokea kwaya, nikisoma mishale ya mtambo inayopima sauti badala ya kusikiliza, na kwa kuwa desturi ya kusikiliza ilikuwa hai, akina mama walinifanyia kazi wenyewe. Kwaya haihitaji masikio yangu. Inahitaji mikono yangu na chai.

Ndipo Nanjala akarudi. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, siku ambayo nyundo zilipumzika. Nilikuwa naelekea kwenye mtambo, mgongo wangu ukiwa mlangoni, nikageuka nikamkuta ameshasimama katikati ya chumba na gitaa.

"Akina mama wako wapi?" nikamuuliza.

"Wako mkutanoni. Sijawaambia. Nataka mimi na hii gitaa, basi. Na kama haitatoka, Anko, nimeachana na hii maneno. Dukani wananitaka niwe meneja."

Alisema hivyo kwa utulivu, lakini nilielewa. Albamu mbili zilikuwa na jina lake na hakuna mtu mtaani aliyekuwa amemsikia. Hii ilikuwa ya mwisho. Na alikuwa ameileta kwa mzee asiyesikia birika.

Ningemwambia pale pale. Niliufungua mdomo. Lakini nilimdai msamaha wa kitufe kile, na nilitaka sana kumpandisha mara moja kabla sijafa, kwa hiyo nikanyamaza nikaweka maji ya chai. Mnielewe, kulikuwa na wema ndani yake, ila ubinafsi ulikuwa mwingi zaidi.

Tulirekodi Jumapili saba. Nilimweka karibu na maikrofoni, karibu kuliko inavyofundishwa, kwa sababu mbali sikumsikia. Wakati wa kuchanganya sauti nilimpandisha. Sikusikia herufi zake za mwisho, nikampandisha tena. Sikusikia pumzi, nikaongeza zile sauti nyembamba mpaka mshale ukaingia kwenye nyekundu, nikauacha huko. Gitaa likasikika kama linapigwa ploti ya jirani. Hatimaye nikaanza kumpata: mchanga, mpasuko, midomo ikifunguka kabla ya neno. Nilitokwa na machozi, nikajifanya ni vumbi la sufuria, ingawa ilikuwa Jumapili.

"Iko sawa?" nikamuuliza. Alikuwa ameketi kando yangu, masikio yake mazima.

"Iko sawa, Anko."

Mama yake ndiye aliyeisikiliza kwanza. Alikaa na simu sikioni kwenye kochi, na wimbo wa kwanza ulipoanza akarudi nyuma kidogo. "Huyu ni Nanjala," akasema. Kisha akanigeukia. "Baba Tito, mbona umemleta karibu hivi? Ni kama amenikalia mapajani." Akaisikiliza yote, na ulipofika wimbo wa mashangazi, safari hii bila mashangazi, ndipo alipoyaelewa maneno yake. Akina mama hawakunisalimia miezi miwili.

Kisha wakaja wataalamu. Kwenye mtandao kuna watu ambao kazi yao ni kueleza muziki kwa wale waliokwisha kuusikia. Mmoja aliandika kwamba albamu ile ina ukaribu wa kuthubutu. Mwingine akasema fundi wake ameasi kanuni zote kwa makusudi. Makusudi, ndugu zangu. Vijana wakaanza kupanda ngazi zangu na daftari. Walipima kwa rula kutoka kwenye maikrofoni hadi kwenye kiti. Mmoja aliniuliza kwa nini sikuondoa sauti ya mate, nikamwambia mate ni ukweli. Aliandika. Nimesikia kuna studio mbili huko Umoja ambazo sasa zinaacha mate kwa msimamo. Niliwahi hata kualikwa kuzungumza kwenye ukumbi, nikatoa hotuba ndefu juu ya ujasiri, na walipouliza maswali nilijibu niliyodhani wameyauliza. Walipiga makofi. Nikaona huko ninakokwenda nitakuja kuaibika, nikafunga studio nikahamia Njiru.

Nanjala alikuja kututembelea mwezi uliopita, amebeba mkate na majani ya chai. Dukani hayupo tena. Anaimba, watu wanajaa, na wanamtambua akifungua tu mdomo kununua sukuma wiki. Mke wangu alipokwenda kuchuma mboga niliona ndio wakati. Nikamwambia yote: birika, kliniki, yule binti aliyenipa mgongo. Nikamwambia sifa za ujasiri ule hazikuwa zangu, kwamba nilimpandisha kwa sababu sikumsikia, na kwamba ningeweza kumharibia kazi yake ya mwisho, na nilijua hivyo, na nilinyamaza.

Alimega mkate.

"Nilijua," akasema. "Ile Jumapili ya kwanza nilikuita mara tatu nikiwa mlangoni. Hukugeuka."

"Na ukakaa? Si ungeenda kwa fundi mwenye masikio?"

"Nilienda, Anko. Profesa anasikia mpaka popo." Alisogeza kiti akaja upande wangu wa kushoto, ulio afadhali, akainua sauti kidogo ili nisipotewe na neno. "Na wewe pia ulikuwa na masikio, ile mara ya kwanza. Ulinisikia fiti kabisa, na ukaniacha hapo chini."

Alinimiminia chai.

"Nilikuwa nataka mtu ambaye asiponiweka mbele, hata yeye hanisikii."